Nambari ya simu haijui kama umekosea

Nambari ya kadi ya benki, mara nyingi tarakimu 16, inajikagua yenyewe. Anza kulia: kila tarakimu ya pili zidisha kwa 2 (ikipita 9, toa 9), halafu jumlisha zote. Jumla lazima igawanyike kwa 10. Ukikosea tarakimu moja tu, haigawanyiki tena, na mashine inakataa papo hapo. Hans Peter Luhn wa IBM aliomba hataza ya mbinu hii mwaka 1954.

Nambari ya simu haina kinga hiyo. Ukibonyeza 6 badala ya 9, unaweza kuangukia laini ya mtu mwingine kabisa, na pesa inakwenda.

Kwa hivyo sikubaliani na wanaosema lile jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kutuma linawachelewesha tu. Jioni pale Bamburi Mtambo, makanga anaita, muuza samaki anangoja, vidole vinakimbia. Soma jina hata hivyo! Lisipokuwa lake, katiza. Ikiwa imeshatoka, piga huduma kwa wateja saa hiyo hiyo, kabla aliyepokea hajaitoa.

Na kwa wenye maduka: daftari likikataa jioni, gawanya tofauti kwa 9. Umeandika 1,850 badala ya 1,580? Tofauti ni 270, yaani 9 mara 30. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi huwa hivyo kila mara. Tofauti ikigawanyika, anzia kutafuta hapo.