Reli Hutangulia Mji

Kuna hoja moja imenichosha. Ukisema Ihumwa inastahili treni ya umeme ya kwenda mjini Dodoma na kurudi, watu wanakucheka. "Kwanza mji ukue, watu wajae, ndipo tuzungumze habari za treni." Inasikika kama busara, lakini mimi nasema imesimama kichwa chini, miguu juu.

Tazama mambo yalivyoanza. Mwaka 1881 kampuni ya Siemens ilianzisha tramu ya umeme huko Lichterfelde, Ujerumani. Hapo si katikati ya Berlin, bwana! Ni kitongoji cha nje, na njia yenyewe haikufika hata kilometa 3. Mwaka 1888, Frank Sprague wa Marekani akaendesha tramu za mji wa Richmond kwa waya wa juu. Miaka kama kumi baadaye, kwa ajili ya reli ya Chicago, akaweka mota kwenye mabehewa yenyewe na dereva mmoja akaziongoza zote. Treni ikawa inasimama na kuondoka upesi, stesheni hadi stesheni. Ndiyo siri ya treni za vitongoji. Mchongoko wetu, ulioanza safari Novemba 2024, ni mjukuu wa ufundi huo.

Eti hayo ni ya Wazungu? Haya, twende Unguja. Mwaka 1905 treni ya moshi ilikuwa ikitoka mjini hadi Bububu, kilometa kama 11. Dodoma ya leo inashindwa na Unguja ya 1905?

Sasa tufike kwenye kiini. Huko Los Angeles, Henry Huntington aliunda kampuni ya reli ya umeme, Pacific Electric, mwaka 1901. Alinunua mashamba ya nje, akapeleka reli, kisha akauza viwanja. Nauli ilikuwa chambo tu, samaki mwenyewe alikuwa ardhi. Somo hilo madalali wa viwanja wanalijua bila kufungua kitabu.

Kwa hiyo kusubiri si busara, ni kumpa dalali muda. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inakwenda Dar hadi Dodoma, na waya unapita Ihumwa. Mtumba, penye ofisi za wizara, ni jirani. Wafanyakazi, mama ntilie, wanafunzi: abiria wapo tayari. Lakini tukingoja mji ujae, mzee wa Kigogo atakuwa ameshauza shamba lake kwa bei ya chee, na pale panapofaa stesheni patakuwa na ukuta wa mtu. Kisha tutabomoa na kulipa fidia kwa kodi zetu wenyewe.

Dai langu ni dogo: maeneo ya stesheni ndogo kati ya Ihumwa na mjini yapimwe sasa, yawekewe alama, yasiuzwe. Treni zenyewe zitafuata.

Nanyi waandishi wenzangu, jamani! Katika hadithi zetu kijana hupanda treni kukimbilia Dar, basi, harudi. Nani ataandika habari za yule anayepanda asubuhi kwenda kazini, na jioni anashuka Ihumwa, anakula ugali kwao? Tusipoweza hata kumfikiria, nani atamjengea stesheni?