Mabango ya Taa Yapunguziwe Mwanga Usiku

Umeme wa shirika la SNEL unapokatika usiku Lubumbashi, mtaa mzima ukawa giza, kinachobaki kikiwaka ni mabango ya LED: duka la dawa hapa, duka la simu pale, hoteli kule mbele. Maandishi mekundu yanakimbia kutoka kulia kwenda kushoto kwa nguvu ya betri na paneli ya sola. Adhuhuri mwanga ule ulihitajika wote, maana jua la Katanga ni kali. Saa mbili usiku mwanga ni uleule, haukupungua hata chembe, unamchoma macho dereva wa pikipiki na kuinyonya betri ambayo ingefika asubuhi.

Dawa yake ni mistari michache ya programu. Mafundi wengi hawaiandiki kwa sababu wenye maduka hawajawahi kuidai.

LED haipunguzwi kama taa ya chemli. Huwashwa na kuzimwa upesi mno, mamia ya mara kwa sekunde, na kinachobadilishwa ni muda inaokaa imewaka katika kila pigo. Mafundi huita njia hiyo PWM. Jicho halioni kuzimika kwake, linaona taa iliyofifia. Tena jicho halihesabu kama mita ya umeme: taa inayowaka robo tu ya muda, mtu huiona kama imepungua nusu hivi.

Hapo ndipo mwenye duka angepaswa kusikiliza kwa makini. Chukua bango la paneli nne za LED, kila moja ikila wati 20 vitaa vyote vikiwaka, jumla wati 80. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, inatoa wati-saa 600. Bango likiwashwa saa 12 jioni, linazimika saa 7 na nusu usiku. Likishushwa hadi robo, betri ileile inalibeba kwa karibu saa 30, na mteja aliye ng'ambo ya barabara bado anasoma kila herufi.

Paneli nyekundu iliyozoeleka katika mabango haya, P10, ina vitaa 512: safu 16 za vitaa 32. Inayo pini moja, OE, inayofanya kazi ya mlango wa mwanga. Mikrokontrola, yaani chipu inayoliendesha bango, ikiufungua kwa muda mfupi, bango zima linafifia bila kubadilisha waya wowote.

Kazi ni ngumu zaidi kwa fundi anayejiungia mwenyewe kibao cha vitaa 8 kwa 8. Safu zake huwaka moja baada ya nyingine, na programu ndiyo inayohesabu muda. Akitaka picha 100 kwa sekunde, safu 8 na ngazi 16 za mwanga, saa ya ndani ya chipu italazimika kuiamsha programu mara 12,800 kila sekunde. Bodi ya Arduino Uno, ambayo chipu yake inakwenda kwa megahezi 16, inabakiwa na mapigo 1,250 kati ya mwamsho na mwamsho, na hayo yanatosha. Akitamani ngazi 256 kwa njia hiyohiyo, yanabaki 78 tu, na chipu inaelemewa. Fundi mjanja hugawa muda kwa vipande vya 1, 2, 4 na 8: kwa vipande vinne anapata ngazi zake 16, na miamsho inashuka hadi 3,200.

Asiyejua haya huandika programu inayosimama kusubiri. Ikisimama, safu moja hubaki ikiwaka peke yake kwa mkondo uliokusudiwa kugawanywa kwa safu nane. Vitaa vyake huungua, kisha lawama inatupiwa bidhaa.

Usalama barabarani nao umo. Roboti za kuongoza magari za mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, zilizoanza Kinshasa mwaka 2013, zilifika Lubumbashi pia. Ziliongoza kwa taa nyekundu na za kijani, na zilikula umeme wa jua. Dereva anayetafuta taa nyekundu ya njiapanda asikutane kwanza na bango jekundu la duka linaloishinda kwa ukali.

Ujuzi haukosekani. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha Polytechnique, na mji una shule ya juu ya informatika ya Salama. Mwanafunzi wa huko anaweza kuifanya kazi hii iwe zoezi la wiki moja, kisha akaipeleka kwa fundi wa mtaani kwao, katika komuni ya Katuba au ya Kenya.

Na wewe mwenye duka, siku unapoagiza bango, kabla ya kulipa mwambie fundi aweke kihisi cha mwanga, kidogo kuliko ukucha, na ngazi ya usiku. Kisha rudi jioni, simama ng'ambo ya barabara, ulitazame mwenyewe.