Mnamcheka Mjapani Anayelia, Halafu Usiku Mnasikiliza Nini?

Ile posti ya nyimbo za Kijapani za kuachwa imepata komenti nyingi kuliko hata habari za harusi ya yule staa wa Mbezi. Na nyingi ni za wanaume, na karibu zote zinasema kitu kimoja: dume zima linalia hivyo kisa demu? Mmoja akaongeza kwamba Wajapani wamelegea ndo maana. Ndo maana nini, hakumalizia.

Haya, leo nawajibu, na siwarembei.

Mnaongea kama vile Japani wanaume wanalia hovyo barabarani. Wapi! Kule mtoto wa kiume anaambiwa yaleyale uliyoambiwa wewe ulipochubuka goti: nyamaza, wewe mwanaume. Wana hadi neno lake, otoko-naki, yaani kilio cha mwanaume, mtu ambaye hana kawaida ya kulia ila safari hii kimemshinda. Ukiona watu wamekipa kitu jina lake maalumu namna hiyo, ujue hawakioni kila siku.

Kwa hiyo wanaume wa kule walitafuta mlango wa nyuma. Kwenye enka, ule muziki wa wazee wao wenye sauti za kutetemeka, mwanaume akitaka kulia alikuwa anaazima mdomo wa mwanamke. Shinichi Mori alitoka 1966 na wimbo ambao jina lake lenyewe linahusu mwanamke anayeshusha pumzi ya huzuni. Mwaka 1975 Harumi Miyako akaimba "Kita no Yado kara", mwanamke yuko peke yake kwenye nyumba ya wageni kaskazini, anafuma sweta la mwanaume ambaye wameshaachana. Mwaka uliofuata wimbo ukabeba Tuzo ya Rekodi ya Japani. Aliyeandika maneno? Mwanaume, Yu Aku. Dume limekaa na kalamu yake, linalia kwa macho ya mtu mwingine.

Unaweza kusema huo ni woga. Mimi pia nilianza kwa kuona hivyo, ila sikilizeni walichokifanya vijana wa sasa na mlango huohuo. Yuuri alitoa "Kakurenbo" mwaka 2019, upande wa jamaa aliyeachwa. Mwaka 2020 akatoa "Dry Flower", mapenzi yaleyale, kuachana kulekule, ila sasa anayeongea ni yule msichana. Sauti ni ya Yuuri huyohuyo. Na ndio uliokuwa wimbo namba moja kwenye chati ya mwaka ya Billboard Japan 2021, sio ule wa upande wake yeye. Back number nao, bendi ya wanaume watatu, "Happy End" ya 2016 wameiimba yote kwa sauti ya msichana.

Sasa fikiria hiyo kazi. Ili uandike upande wa demu aliyekuacha inabidi ukae chini ujiulize siku ile anaondoka alikuwa anajisikiaje. Alichoka na nini? Ni neno gani ulimwambia ukalisahau, yeye bado analo? Wewe uliyeandika "wamelegea", umewahi kufanya hivyo hata dakika tano? Wengi wetu tukipigwa kibuti jibu tunalo mfukoni tayari: alifuata hela. Kesi imefungwa, twende kwenye mechi.

Wapo pia wanaolia kwa midomo yao wenyewe. Noriyuki Makihara, 1992, wimbo wenye jina linalosema sitapenda tena, ila ukifika kwenye kiitikio unakuta mwenyewe anakataa kulisema. Masayoshi Yamazaki, 1997, "One more time, One more chance", jamaa anamtafuta mtu mjini kote. Huo wapenzi wa anime mnaujua, Makoto Shinkai aliuweka kwenye "5 Centimeters per Second" mwaka 2007, na msijifanye hamkuguswa, nawajua kwa majina ya akaunti. Na yule aliyeganda kwenye viatu vya Kenshi Yonezu kwenye video ya "Lemon": ndiyo, kavaa viatu vya kisigino. Wimbo wenyewe aliutoa 2018, na alikuwa katikati ya kuuandika alipofiwa na babu yake. Ila wewe umeona viatu.

Sisemi kila chozi la mwanaume ni la kuheshimiwa. Mwaka 2014 kulikuwa na diwani wa mkoa wa Hyogo, aliulizwa kuhusu hela za umma na safari zake za kwenda kwenye chemchemi za maji moto, akaangua kilio mbele ya kamera mpaka dunia nzima ikamfanya kichekesho. Huyo chekeni tu. Machozi yale yalikuwa yanaomba msamaha wa hela. Lakini mwaka 1997 rais wa kampuni ya Yamaichi, kampuni kubwa ya hisa inafungwa, alilia mbele ya waandishi akisema wakosaji ni wao wakubwa, wafanyakazi hawana kosa. Wanaume wawili, suti mbili, machozi mawili, na hayafanani hata kidogo. Kwa hiyo swali la "mwanaume analiaje" halina maana. Uliza analilia nini, na anataka nani alipe.

Tuje kwetu. Kuna msanii mmoja hapa mjini, simtaji, alilia laivu baada ya kuachwa. Kesho yake ilikuwa stika kwenye kila grupu la WhatsApp. Hakumtukana yule dada, hakuomba arudiwe, alilia tu kama dakika mbili akazima simu. Na kuna mwingine, huyo naye simtaji, yeye hakulia. Alikaza. Akavujisha picha za mwenzake, akatukana mpaka mama mkwe, na kwenye komenti mkamwita mwamba. Nilihesabu mioto mliyomwekea nikaacha. Mwenye stika ndo kalegea, anayeharibu maisha ya mtoto wa watu ndo dume?

Japani mtu akizidiwa anakodi chumba cha karaoke peke yake, wana neno lake hata hilo, hitokara. Anafunga mlango, anaimba hizo nyimbo mpaka muda unaisha, analipa anaondoka. Hakuna picha ya mtu iliyovuja.

Na msiniambie sisi ni tofauti. Msanii wetu mkubwa kuliko wote, mnamjua, jina lake lilikua kwa wimbo wa kumlilia msichana aliyemwacha. Mliuimba mtaa mzima. Kwenye daladala konda ana kovu la panga na anaitikia. Kumbe kwa Kiswahili ni ngoma kali, kwa Kijapani ni kulegea?

Na wewe mwenye ile komenti iliyopata laiki nyingi kuliko zote: orodha yako ya nyimbo umeiacha wazi kwenye profaili. Nimeipitia. Kumi na nne, zote za kuachwa, ya mwisho umeisikiliza jana saa nane usiku. Karibu hapo chini tuongee.