Kabla Hujanunua Kompyuta Mpya ya Kurekodi, Rekebisha Uliyonayo

Swali hili linatufikia sana kutoka Arlington, Fort Worth na kusini-magharibi mwa Houston: nataka kurekodi nyimbo nyumbani, kompyuta yangu ya mezani inakwamakwama, ninunue ipi? Jibu letu ni fupi. Usinunue bado.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo kazi tuliyosomea. Kompyuta ya dola 900 hapa Dallas au Houston si ya dola 900. Ongeza kodi ya mauzo ya asilimia 8.25, unatoka dukani umelipa 974 na senti 25. Ukiiweka kwenye kadi ya mkopo yenye riba ya asilimia 24 kwa mwaka, ukawa unalipa dola 50 kila mwezi, utamaliza baada ya miezi 25 na riba peke yake itakuwa imepita dola 270. Hiyo 270 ingefika nyumbani ikafanya kazi. Na mashine mpya ukiiacha na mipangilio iliyotoka nayo kiwandani, itakwama vilevile.

Kinachoitwa "mashine imechoka" mara nyingi ni bafa. Wenzetu wa mjengo wataelewa haraka: mfikirie mtu anayebeba zege kwa ndoo. Ndoo ndogo inafika upesi, ila mbebaji anakwenda mbio bila kupumzika. Ndoo kubwa inampa nafasi ya kupumua, ila wewe uliye juu unasubiri. Kompyuta nayo hubeba sauti hivyo hivyo. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1024 inachelewesha sauti karibu milisekunde 23, na ya 128 karibu milisekunde 3. Na sauti huingia kisha ikatoka, kwa hiyo zidisha mara mbili. Ndiyo maana unaimba ukijisikia nyuma yako, unapoteza mapigo, unadhani kosa ni la mashine.

Basi fanya hivi. Wakati wa kurekodi, nenda kwenye mipangilio ya sauti ya programu yako, tafuta palipoandikwa Buffer Size, weka 128. Ikitoa mlio wa "tiki tiki", panda hadi 256. Ukimaliza kuimba na sasa unachanganya sauti, panda hadi 1024, maana hapo kuchelewa hakukuumizi na plagini zinahitaji nafasi. Wengi huiweka mara moja na kuisahau, halafu kila hatua inawasumbua.

Kama unatumia Windows, hakikisha programu inatumia draiva ya ASIO, tena ile ya kampuni iliyotengeneza kadi yako ya sauti. Huna kadi ya nje? ASIO4ALL ni ya bure na inasaidia. Kisha ingia sehemu ya umeme, chagua High performance ili mashine isisinzie katikati ya wimbo. Funga kivinjari, simamisha OneDrive na masasisho, zima Wi-Fi mpaka umalize.

Kuna kaka mmoja wa kanisani atakuambia urekodi kwa 96,000 kwa sababu "studio kubwa wanafanya hivyo". Mwache. Ukilinganisha na 48,000, unaipa kompyuta kazi mara mbili na unajaza diski mara mbili, kwa wimbo ambao shangazi ataupokea WhatsApp na kuusikiliza kwa spika ya simu. 48,000 inatosha kabisa.

Hedifoni za Bluetooth nazo ziache za kusikilizia basini. Kuchelewa kwake mara nyingi hupita milisekunde 100, na hakuna bafa itakayokuokoa. Za waya, hata za bei ndogo, ni bora kwa kazi hii.

Tena hii ni Texas. Ukirekodi kwenye gereji mwezi wa saba, prosesa ikipata joto inajipunguzia kasi yenyewe. Zima, chomoa waya, fungua kifuniko, pulizia vumbi nje. Washa pia kuhifadhi kazi kiotomatiki kila baada ya dakika tano. Waliokuwa Houston kimbunga Beryl kilipopita tarehe 8 Julai 2024 hawahitaji kuelezwa umeme unavyoondoka.

Sasa lililo zito zaidi kwetu: programu za wizi. Tunajua zinapitishwa kwenye flashi, "bro, chukua hii, imefunguliwa tayari". Kompyuta hiyo hiyo ndiyo unayofungulia benki na kutuma pesa nyumbani. Programu iliyovunjwa inaweza kubeba virusi vinavyosoma nywila zako, na hapo unahatarisha akiba ya mwaka mzima kwa ajili ya plagini ya kusafisha sauti. Audacity ni ya bure. REAPER unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Hata kwa mshahara wa kazi za ndani, hiyo inapangika.

Tunakubali, zipo mashine ambazo kweli ni ndogo. Kama umefunga kila kitu, bafa iko 512, na nyimbo nne tu za sauti bado zinakatika, angalia kama una ramu ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka. Badilisha hivyo viwili kwanza. Kama bado uko Windows 10, kumbuka masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo miamala ya benki ifanyie kwenye kifaa kingine kilichosasishwa. Micro Center wana duka Dallas na jingine Houston. Nenda na namba ya modeli ya kompyuta yako imeandikwa kwenye karatasi, uulize inakubali ramu ya aina gani kabla hujatoa kadi mfukoni.