Imani Isiyofika Jumatatu

Ndugu zangu, leo sitaandika kwa upole. Ninaishi Kigali mwaka wa tisa sasa, ninashona nguo Nyamirambo, na katika miaka hiyo nimekesha mikesha ambayo siwezi kuihesabu. Nimeimba kwaya. Nimefunga siku tatu kavu, bila hata maji. Nimelia mbele ya madhabahu mpaka shati likalowa. Halafu Jumatatu nimeamka, nikamwambia mteja nguo yake itakuwa tayari kesho huku nikijua hata sijaikata, na moyo wala haukushtuka. Basi haya ninayoyasema yananihusu mimi kwanza.

Neno langu ni hili: sisi wakimbizi Wakristo tumekuwa hodari wa matukio ya imani, lakini imani yenyewe haikui. Tunangoja mkesha, tunangoja nabii mgeni, tunangoja kongamano. Katikati ya tukio moja na lingine hakuna kitu. Ni kama mtu anayekula mara moja kwa mwezi, tena anakula sana, halafu anashangaa kwa nini amekonda.

Kilichonifungua macho ni kufuli. Mwanzoni mwa mwaka 2018 makanisa zaidi ya 700 yalifungwa hapa Kigali, mengi kwa sababu ya usafi, usalama wa majengo na kelele. Mwaka huohuo ikatoka sheria inayotaka viongozi wa makanisa wawe wamesoma theolojia. Mwaka 2024 ukaguzi ukarudi, na nyumba za ibada kwa maelfu zikafungwa nchi nzima. Yetu ilikuwa mojawapo: ukumbi wa mabati, choo kimoja, na spika mbili zilizokuwa zinaamsha mtaa mzima.

Sitaki kubishana hapa kama ukaguzi ule ulikuwa wa haki. Wapo wanaoulalamikia, na wana hoja zao. Mimi ninauliza jambo lingine. Kufuli lilipowekwa mlangoni, imani yetu ilienda wapi? Tulikuwa watu zaidi ya mia. Baada ya miezi miwili, waliokuwa bado wanaulizana hali, bado wanasoma Neno nyumbani kwao, bado wanamkumbuka mgonjwa, walihesabika kwa vidole vya mikono miwili. Wengine tulikuwa tunasema, "Tunangoja kanisa lifunguliwe." Kumbe tulichokuwa tunakiita imani kilikuwa ni spika.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo tunalinong'ona tu. Sehemu kubwa ya maombi yetu ilikuwa ni ndege. Mnalijua hilo. Nabii anasimama, anafumba macho, anasema, "Ninamwona mtu hapa, kesi yake inatembea, ninaona theluji." Watu wanapiga kelele, wanapanda mbegu. Ninamjua baba mmoja aliyeuza cherehani yake, chombo chake cha kazi, akatoa pesa yote iwe mbegu ya safari. Januari 2025 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na safari zikafutwa. Yule baba hakuwa na ndege, hakuwa na cherehani, na tangu siku hiyo hataki kusikia habari za Mungu. Nani atajibu kwa ajili yake? Nabii amebadilisha namba ya simu. Lakini nasi tuliokuwa tunapiga makofi tutajibu. Tulimfundisha kwamba Mungu ni ofisi ya kupeleka watu nchi ya tatu, na ofisi ilipofungwa akaona Mungu naye amefunga.

Sisemi kuomba safari ni dhambi. Mimi pia naomba. Ninasema ibada inayoomba tu, bila kumtii yule inayemwomba, haimkuzi mtu.

Nchi hii tunayoishi inatupa onyo ambalo hatupaswi kulipita. Kabla ya mwaka 1994, Wanyarwanda wengi sana walijiita Wakristo. Jumapili makanisa yalijaa. Nendeni Nyamata, si mbali na Kigali, muingie katika kanisa ambalo sasa ni ukumbusho wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Nguo za waliouawa zimepangwa juu ya mabenchi. Watu walikimbilia kwenye nyumba ya ibada, na kati ya waliowafuata kuwaua walikuwepo waliobatizwa. Mimi nilitoka pale nikiwa sina la kusema. Kuimba hakukumzuia mtu. Kubatizwa hakukumzuia. Siku ya kutii ilipofika, wengi hawakuwa na mazoezi ya kutii.

Lakini wapo waliokuwa nayo. Mimi si Mkatoliki, ila nitawataja Cyprien na Daphrose Rugamba wa hapa Kigali. Cyprien alikuwa mshairi na mtunzi wa nyimbo mwenye jina kubwa, tena kwa miaka mingi alikuwa ameiacha imani. Alirudi mwaka 1982 baada ya kuugua. Tangu hapo, yeye na mke wake walikuwa wanasali kila siku, na ile sala ikawatoa nje: wakaanza kuwalisha watoto wa mitaani wa Kigali, kisha wakaanzisha kituo chao. Tarehe 7 Aprili 1994 waliuawa nyumbani pamoja na baadhi ya watoto wao. Mwaka 2015 Kanisa Katoliki lilianza hapa Kigali kuchunguza kama watatangazwa wenye heri. Mimi kinachonishika si hilo la kutangazwa. Kinachonishika ni ule uji wa watoto, siku baada ya siku, ambao hakuna aliyeupigia makofi.

Sasa nije kwetu. Katika wale wachache waliobaki baada ya kufuli kuna mama mmoja mzee kutoka Masisi. Alikuwa Mudende kambi iliposhambuliwa mwaka 1997, akapelekwa Gihembe, akakaa huko miaka mingi, sasa anakaa kwa binti yake hapa mjini. Kila siku saa kumi na moja alfajiri anafagia uwanja huku anaimba kwa sauti ya chini. Akimaliza anapeleka uji kwa jirani mgonjwa. Jua au mvua. Kanisa limefunguliwa au limefungwa, ratiba yake haikubadilika hata kidogo.

Siku moja nilimletea nguo niliyomshonea. Akaniuliza, "Mtoto wangu, ule mdogo wako yuko wapi siku hizi?"

"Yuko Uganda, mama. Ameoa huko."

"Na pesa yake ya chakula, nayo iko Uganda?"

Nilinyamaza. Mimi nimeandikishwa Kigali, lakini mama yangu na wadogo zangu wako kambini Mahama, walikohamishiwa Gihembe ilipofungwa mwaka 2021. Mdogo wangu alikuwa ameondoka miezi minne, na jina lake lilikuwa bado kwenye orodha. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye niliyesema, "Acheni tu." Na katika miezi hiyo minne nilikuwa ninaongoza nyimbo za kuabudu!

Nilipanda basi nikaenda Mahama. Mama yangu alikasirika, na ninamwelewa, maana ile pesa ilikuwa inanunua sabuni na mafuta. Tulienda kutoa jina. Aliyekuwa mezani alituuliza mara mbili kama tuna hakika. Mwezi uliofuata pesa ilipungua, nami ikabidi nishone usiku ili kuziba pengo. Sikuona maono. Sikusikia sauti. Ila niliposali usiku ule sikuwa tena na kitu cha kumficha Mungu, na kwa miaka mingi sikuwa nimesali hivyo.

Najua mtanijibu. Mmoja atasema, "Ndugu, tunaokolewa kwa neema, si kwa matendo." Amina, na mimi naamini hivyo. Lakini mtoto hamtii baba yake ili azaliwe. Amekwisha kuzaliwa, anatii kwa sababu huyo ni baba yake. Mwingine atasema, "Posho zenyewe zinapunguzwa kila mara, nawe unatuletea habari za orodha?" Ndiyo, zinapunguzwa, na inauma, na kulia juu ya hilo ni haki yetu. Lakini aliyepunguza posho hakunifundisha mimi kusema uongo. Nilijifundisha mwenyewe.

Na ninyi wa mashirika, msicheke bado. Kuna wenzenu wanaoona maombi yetu kama njia ya kupoteza muda, au dawa ya mawazo tu. Mnatutengea saa za semina, na saa ya ibada mnaiona kizuizi. Ninawaambia kwa heshima: lile jina halikutolewa na semina yenu. Lilitolewa na bibi anayefagia alfajiri huku anaimba. Mkitaka kuijua jamii yetu, msihesabu tu waliokuja mkutanoni. Ulizeni nani anapeleka uji.

Danieli alikuwa kama sisi, kijana aliyechukuliwa kutoka kwao akaishi ugenini Babeli. Amri ya kukataza maombi ilipotoka, hakuitisha mkesha wa dharura. Aliingia chumbani kwake akaomba mara tatu kwa siku, kama alivyokuwa amezoea. Tunapenda kuhubiri simba. Hatuhubiri ile mazoea iliyomfikisha kwa simba akiwa bado amesimama.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu, na si makubwa. Kabla ya mkesha ujao, kila mmoja achague saa moja ya siku ya kusali, aishike mwaka mzima, hata kama ni dakika kumi. Kabla ya kupanda mbegu yoyote, alipe deni analolijua, au arudishe alichochukua. Na nabii akisema anaona ndege, wazee wamuulize mbele ya watu: yule baba aliyeuza cherehani, umemtembelea?

Mimi nimeanza na wateja wangu. Nguo isipokuwa tayari, ninasema haiko tayari. Wawili wamenihama. Jumatatu ijayo nitasema hivyohivyo.