Unga wa kuku mpakani, dripu wodini: dawa ni ileile

Mfanyabiashara wa vifaranga anayevuka Namanga au Busia anaujua unga wa kolistini: unachanganywa kwenye maji na banda zima linanyweshwa kwa mkupuo mmoja. Asichoambiwa dukani ni kwamba dawa hiyohiyo hospitalini ni kimbilio la mwisho, kwa mgonjwa mahututi ambaye antibiotiki nyingine zimeshindwa.

Kolistini ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa vijenzi vya protini. Iligunduliwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1940. Tabu ni kuifikisha mahali pa ugonjwa. Ikimezwa haipenyi ukuta wa utumbo kwa kiasi cha maana, hivyo haitibu maambukizi ya damu. Hupitishwa mshipani kwa dripu, au mapafuni kwa mvuke, huku daktari akichunga figo, maana huziumiza.

Kwa kuku, kutopenya huko ndiko kunakoleta balaa. Dawa hubaki tumboni, hukutana na bakteria wasiohesabika, kisha hutoka na kinyesi. Bakteria walionusurika ndio wanaozaana. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza jeni iitwayo mcr-1, inayohamisha usugu kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Mwaka 2017 China ilipiga marufuku kolistini ya kukuzia mifugo, na usugu ukashuka kwa wanyama na kwa watu. India ikaizuia kwa mifugo ya chakula mwaka 2019.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo iizuie kwa mifugo, tena kwa pamoja. Nchi moja ikizuia peke yake, katoni zitapita njia za panya, na atakayekamatwa ni mama mwenye pakiti 20 mkobani, si mwagizaji wa kontena. Sheria ianze na huyo mwagizaji, naye awarudishie wachuuzi fedha za mzigo waliokwisha kulipia.

Watakuwepo wa kusema kuku watakwisha. Lakini kuku wengi wa vijijini hufa kwa mdondo, ugonjwa wa virusi ambao kolistini haiugusi kabisa. Kinga yake ni chanjo, tone moja jichoni, na ipo aina inayostahimili joto inayotengenezwa Tanzania. Hiyo ndiyo bidhaa ambayo forodha ingepaswa kuifungulia njia.