Siku ya Katiba Iteremke Hadi Sokoni

Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya waliipigia kura katiba mpya, na tarehe 27 mwezi uo huo ikazinduliwa rasmi. Mwaka 2025, miaka 15 baadaye, serikali iliitangaza tarehe 27 Agosti kuwa Siku ya Katiba. Si siku ya mapumziko, bali ni siku ya kazi na ya mafunzo ya uraia, na taasisi za elimu zilihimizwa kuiadhimisha kwa mijadala. Hili ni jambo jema. Swali langu ni moja: tunamfunza nani, na kwa lugha gani?

Shinyalu hapa si mbali na mji wa Kakamega, kiliko Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Lakini masafa kati ya ukumbi wa mihadhara, popote ulipo nchini, na soko kama la Khayega hayapimwi kwa kilomita. Hupimwa kwa lugha. Ukumbini, katiba hujadiliwa kwa Kiingereza na watu ambao tayari wameisoma. Mkulima ambaye shamba lake limepakana na Msitu wa Kakamega hayumo. Wala hayumo jirani yake wa Ikolomani, ambako dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1930. Hao ndio wenye haja kubwa ya kujua kifungu cha 62 kinasema nini kuhusu ardhi ya umma na madini.

Katiba yenyewe haikulisahau suala la lugha. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na kinaitaka serikali ikuze lugha mbalimbali za Wakenya. Kifungu cha 49 kinamtaka anayemkamata mtu amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Hata hivyo, kifungu cha 259 kinasema kwamba matoleo ya katiba ya lugha tofauti yakikinzana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Ikiwa hivyo ndivyo, basi aliyejaliwa kukisoma Kiingereza hicho ana deni kwa asiyekisoma.

Wapo wasemao kwamba lugha zetu hazina istilahi za sheria. Hoja hiyo ni dhaifu. Neno ugatuzi lilikuwa geni masikioni mwa wengi, na leo linasikika redioni kila siku. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa. Tena, mwaka 2024 vijana waliufafanua Mswada wa Fedha kwa lugha za mama katika mitandao ya kijamii, na nchi nzima ikaujadili. Walifanya kazi ambayo sisi wasomi tulipaswa kuianza.

Tuzingatie pia tofauti ya maneno mawili. Kushiriki ni tendo la mtu mwenyewe; kushirikishwa ni jambo analotendewa na mwingine. Mwananchi anayeitwa kwenye hema, akasomewa waraka asiouelewa na kutia sahihi ya kuhudhuria, ameshirikishwa. Hajashiriki.

Napendekeza hivi. Kila Agosti, wanafunzi wa isimu, sheria na ualimu wapewe kifungu kimoja kimoja. Wakieleze sokoni na barazani kwa Kiswahili na kwa Kiisukha, wakitumia hata ngoma ya isukuti, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Wayaandike maswali watakayoulizwa, wayarejeshe darasani, na kazi hiyo itahiniwe kama kazi nyingine yoyote.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Katika mambo ya katiba, walimu wenzangu, methali hiyo isiwe kinga yetu. Aliyeipigia kura ana haki ya kuambiwa maana yake, na kwa lugha yake.